Harambee: Neno na Mzigo Wake

Disemba 1963, siku chache baada ya bendera ya Kenya kupandishwa Nairobi, watu walianza kutoka msituni. Walishuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, nywele zimesokotana hadi mabegani, wamevaa ngozi za wanyama walizoshona wenyewe. Baadhi yao walibeba bunduki zilizoundwa msituni kwa kipande cha bomba la maji na komeo la mlango. Serikali mpya ilikuwa imewatangazia msamaha, na uwanja wa Ruring'u, pembeni mwa mji wa Nyeri, ukawa mahali pa kukusanyika na kuweka silaha chini. Wapo walioingia msituni tangu 1952 au 1953 kupigana na serikali ya kikoloni. Kwa miaka kumi walikuwa wamezoea kunong'ona, kukanyaga majani bila kuyavunja, kuwasha moto usiotoa moshi. Sasa walisimama uwanjani mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kutafuta kaka na waume zao katika nyuso ambazo hawakuzitambua tena.

Walirudi katika nchi iliyokuwa na neno jipya. Tangu Juni ya mwaka huo neno hilo lilikuwa likivuma redioni na mikutanoni, na lilikuwa limeandikwa kwenye nembo ya taifa, chini ya miguu ya simba wawili: Harambee. Wakikuyu wa Nyeri hawakulirithi kwa babu zao. Kikikuyu kina neno lake, ngwatio, yaani majirani kulima shamba la huyu leo na la yule kesho, mwenye shamba akitoa chakula, na hakuna anayelipwa fedha. Wakamba wana mwethya. Wajaluo wana saga. Wapare, ng'ambo ya mpaka, wana msaragambo. Kazi ya pamoja kila kabila lilikuwa nayo, na kila kabila lilikuwa limeipa jina. Harambee ndilo neno lililoletwa kutoka kwingine, na tangu lifike watu hawajaacha kuuliza lilitoka wapi.

Nimekulia katika mabishano hayo. Huku kwetu harambee huitishwa kwa karo, kwa bili ya hospitali, kwa paa la kanisa, na mara nyingi hutokea mtu akasimama, Biblia mkononi, akaomba neno jingine litumike. Hoja yake ni hii: Wahindi waliojenga reli walikuwa wakibeba vyuma huku wakiitana kwa sauti, "Har, Har, Ambe!" Ambe ni mungu wa kike wa Wahindu. Mzee Jomo Kenyatta akawasikia, akapendezwa na jinsi walivyonyanyua kwa pamoja, akalichukua neno bila kujua linamsifu nani. Kwa hiyo, asema mtu huyu, kila tunapoitikia harambee tunaitikia sala ya watu wengine. Sijawahi kumcheka msemaji wa maneno haya. Anasema kwa sababu ya imani yake, na mtu anayejali ni nani anayemwita anapofungua kinywa anastahili kujibiwa kwa utaratibu.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu ni ya kweli na yana historia ndefu kuliko reli.

Hara ni jina mojawapo la Shiva katika Kisanskriti. Maana yake ni yule anayechukua, anayeondoa. Waumini husema huondoa dhambi na huzuni, na mwishoni mwa zama huuondoa ulimwengu wenyewe. Mwito wa "Har Har Mahadev" ni wa kale, umetumika hekaluni na vitani pia. Ambe ni namna ya kumwita Amba, na Amba ni mama tu, neno analoweza kulitamka mtoto mchanga, kama mama na baba zilivyo rahisi kwa watoto wa kila lugha. Katika maandiko ya kale kabisa ya Kihindu jina hilo, pamoja na umbo lake la Ambika, tayari lipo. Baadaye likawa mojawapo ya majina ya Durga, mungu mama mwenye silaha mikononi na simba au simbamarara miguuni. Huko Gujarat kaskazini, kwenye milima ya Arasur, kuna hekalu mashuhuri la Ambaji, na katika siku tisa za Navaratri Wagujarati wa Nairobi, Mombasa na Kisumu hucheza garba wakizunguka taa au picha ya Mama. Mwito wao wa kawaida ni "Jai Ambe", ushindi kwa Ambe. "Har Har" kwa desturi humfuata Mahadev, yaani Shiva. Kuyaunganisha Har na Ambe kunawezekana, maana sala za watu hazifungwi na sarufi, lakini si mwito ambao mtu angeutegemea kwanza.

Hilo ni jambo dogo. Kubwa zaidi ni kuwauliza waliobeba vyuma walikuwa akina nani.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu, mwaka 1901. Wafanyakazi walioletwa kutoka India kwa mkataba walikuwa 31,983. Waliokufa kwa malaria, kuhara, ajali na simba wa Tsavo walikuwa 2,493. Waliochagua kubaki baada ya mkataba kwisha walikuwa 6,724. Wengi wa vibarua hao walitoka Punjab, waliandikwa kazi upande wa Lahore na kupandishwa meli Karachi. Na Punjab ya wakati huo, kabla ya India kugawanywa mwaka 1947, ilikuwa na Waislamu wengi na Masingasinga wengi. Wahindu walikuwepo kwenye reli, lakini mtu anayewazia kundi la wafanyakazi wote wakimsifu Ambe kwa sauti moja amewasahau waliokuwa wakisimamisha kazi ili waswali.

Hapa Kiswahili chetu cha Kenya kimetuponza kidogo. Tunasema Mhindi, basi. Mwislamu wa Lahore ni Mhindi, Mgoa Mkatoliki ni Mhindi, Khoja, Bohora, wote ni Wahindi. Pwani walikuwa makini zaidi: Mhindi ni mtu wa nchi ile, Mhindu ni mtu wa dini ile, Baniani ni mfanyabiashara wa Kihindu, na Singasinga ni Singasinga, au Kalasinga kama tulivyozoea bara. Mhindi na Mhindu ni watoto wa mto mmoja, Sindhu, ambao Waajemi waliutamka kwa h mahali pa s. Kwa hiyo mtu anaposema neno limetoka kwa Wahindi, msikilizaji anasikia kwamba limetoka kwa Uhindu, na tofauti ya herufi moja inameza dini tatu nzima.

Tukiwa kwa Masingasinga, tusisahau kwamba Har ni neno lao pia. Katika maandiko yao Har na Hari ni majina ya Mungu mmoja asiye na umbo, na hekalu lao kuu la Amritsar huitwa Harmandir, nyumba ya Har. Singasinga aliyenyanyua reli akasema Har hakuwa akimwita Shiva. Sauti ileile, kinywa kingine, Mungu mwingine.

Nyeri ilikuwa na mtu ambaye angeweza kutueleza wapagazi wa reli wa India waliitana vipi. Jim Corbett, yule mwindaji wa simbamarara na chui wala watu, alihamia Nyeri mwaka 1947, akafia hapa Aprili 1955, na kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro. Watalii huja kumtazama kama mwindaji. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 Corbett alikuwa mkandarasi wa reli huko Mokameh Ghat, Bihar, kando ya mto Ganges, akisimamia mamia ya watu waliohamisha shehena kichwani na mabegani, kutoka mabehewa hadi kwenye meli za mtoni na kurudi. Kitabu chake kuhusu watu hao, My India, kilichapishwa mwaka 1952 akiwa mkazi wa Nyeri. Alizaliwa Nainital, mji unaobeba jina la mungu wa kike, Naina Devi. Mwaka huohuo wa 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na watu wa Ruring'u walikuwa na mambo mengine ya kuuliza kuliko nyimbo za wapagazi wa Bihar. Kila nikipita pale kanisani huwazia maswali ambayo hakuna mtu wa huku aliyepata nafasi ya kumwuliza.

Lakini kabla ya Corbett, kabla ya reli, majina ya miungu ya Kihindu yalikuwa yamekwisha kutamkwa kwenye pwani yetu na kusikiwa vibaya. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Akakuta pale merikebu nne za watu kutoka India. Wareno walikuwa wameambiwa tangu kwao kwamba huko mashariki kuna Wakristo, na walikuwa na hamu kubwa ya kuwapata. Wakawakaribisha Wahindi hao melini, wakawaonyesha picha takatifu ya Bikira Maria chini ya msalaba, amemshika Yesu mikononi, na wageni wakaanguka kifudifudi wakaisujudia. Baadaye, da Gama alipopita karibu na merikebu zao kwa mashua, Wahindi wakainua mikono wakapaza sauti kwa furaha. Mwandishi wa shajara ya safari ile aliandika walichosikia Wareno: "Kristo! Kristo!" Wataalamu wengi wa historia wanaona kwamba kilichotamkwa kilikuwa "Krishna! Krishna!"

Tukio hilo la Malindi linanigusa kuliko hoja zote za kamusi. Pande zote mbili ziliona picha moja, kila upande ukamwona Mungu wake. Wareno wakaondoka wakiamini wamepata ndugu katika imani. Sikio lilisikia lililokuwa likilitafuta. Zaidi ya miaka mia tano baadaye hadithi ya harambee inasimuliwa kwa njia hiyohiyo ila imegeuzwa: Mreno alisikia Kristo mahali pa Krishna akafurahi, Mkristo wa leo anasikia Ambe ndani ya harambee akaogopa. Katika visa vyote viwili mfanano wa sauti ndio uliobeba ushahidi wote.

Na mfanano wa sauti ni shahidi wa kutiliwa shaka. Chukua embe. Kwa Kipunjabi tunda hilo ni amb, kwa Kimarathi ni amba, na Kiswahili kilipata embe kutoka bara hilo, kama kilivyopata gari, laki na kuli. Anayesikia amb na Amba angeapa ni neno moja, kwamba tunda limepewa jina la mungu. Si hivyo. Embe linarudi kwenye neno la Kisanskriti amra, na Amba, mama, ni neno jingine kabisa. Yalikutana kwa sauti tu baada ya karne nyingi za kusagwa vinywani mwa watu, kama mawe mawili ya mtoni yanavyofanana kwa kuviringishwa na maji yaleyale.

Sasa twende bandarini. Watu wa pwani wanapoulizwa kuhusu harambee hawaanzi na reli. Wanaanza na baharini: wavuvi wanaovuta jarife, mabaharia wanaotweka tanga au kukokota jahazi hadi ufukoni, mahamali na makuli wa Mombasa wanaosukuma marobota. Mmoja huita, wengine huitikia na kuvuta. Kwa wengi wao mwito ni halambee, kwa l, na maana yake wanaifahamu kwa mikono: tuvute wote kwa pamoja. Waswahili na Wamijikenda hulihesabu kuwa neno lao. Hakuna anayeweza kuapa kwamba hakuna baharia wa Kachi au wa Gujarat aliyechangia sauti yake humo, maana majahazi ya huko yamekuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi tangu kabla ya Mreno kufika. Lakini kama neno ni la Kihindi kwa asili, basi lilifika kwa tanga zamani sana, likalowa maji ya chumvi ya pwani kabla ya kipande cha kwanza cha reli kulazwa, na waliolirithi walikuwa Waislamu wa Mombasa na Lamu, watu ambao wangekuwa wa kwanza kulitupa kama wangelisikia ndani yake sanamu.

Hiyo l na r ni jambo la kusimama nalo, hasa kwa sisi wa Nyeri. Kikikuyu hakina l. Lami kwetu ni rami, lori ni rori, na mzee wa huku akizungumza Kiswahili atasema rakini bila kujisikia amekosea. Neno halambee likipita kinywani mwa Mkikuyu lazima litoke harambee. Pwani pia l na r hubadilishana katika maneno mengi, kwa hiyo sisemi kwamba Kenyatta ndiye aliyelibadilisha neno. Ninachosema ni kwamba nadharia ya Har Har Ambe inahitaji r ile iwe ya asili, herufi takatifu iliyovuka bahari bila kuguswa, na r ndiyo hasa herufi isiyoweza kuaminika katika vinywa vya watu waliolitumia neno. Ukiweka l mahali pake, Har hayupo tena.

Kwa upande wangu basi, ushahidi unaelemea pwani. Lakini tuseme nimekosea. Tuseme kweli kulikuwa na kundi la Wahindu kwenye tuta la reli, wakimwita Mama yao jua likiwachoma, na kijana wa Kiafrika akasimama akawasikiliza. Je, neno bado ni sala?

Jibu langu liko kanisani kwenyewe. Kila Jumapili, katika kila kanisa la Nyeri, la Kipresbiteri, la Kianglikana, la Kikatoliki, la Akorino, watu husali kwa jina la Ngai. Wamisionari wa Tumutumu na wa Konsolata walilikuta jina hilo midomoni mwa watu wakalichukua, likaingia katika Biblia ya Kikikuyu. Wataalamu wa lugha wanalihusisha na Enkai, jina la Mungu kwa Wamaasai, ambaye ni Mungu na pia ni mbingu na mvua, na sarufi ya Kimaasai humweka upande wa kike. Wazee wetu wao hulieleza kwa kitenzi kugaya, kugawa, kwamba Ngai ndiye Mgawaji aliyempa kila mtu fungu lake. Kenyatta mwenyewe alilieleza hivyo katika Facing Mount Kenya, kitabu chake cha mwaka 1938. Yaani hata jina la Mungu lina nasaba mbili zinazobishaniwa, moja ya jirani aliyekuwa mara adui mara mkwe, nyingine ya nyumbani. Hakuna bibi wa Ruring'u anayepiga magoti akisema Ngai huku akiwa na wasiwasi kwamba anamwita mungu wa Wamaasai. Anajua anamwita nani. Na mchungaji anayeandika tarehe ya Januari kwenye cheti cha ubatizo hajamtolea sadaka Janus, mungu wa Warumi wa milango, ingawa jina lake liko pale.

Kwa nini basi neno la pwani lilishika mizizi huku milimani, palipokuwa na ngwatio tayari? Nadhani ni kwa sababu ya yale yaliyokuwa yamefanyiwa kazi ya pamoja.

Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru kutoka kwenye boma zao zilizotawanyika, ikawafungia katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mitaro. Kisha ikawatoa humo kila asubuhi kwenda kuchimba. Kando ya msitu wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki la karibu kilomita 80, chini yake vikasimikwa vijiti vilivyochongwa, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Waliochimba wengi walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Walichimba bila malipo, chini ya fimbo, ili kuwazuilia chakula watoto na waume zao. Hiyo nayo iliitwa kazi ya jumuiya. Mwanamke aliyeshika sululu kwenye handaki lile hakuhitaji kufundishwa maana ya watu kuvuta pamoja. Alihitaji kuona kwamba safari hii kinachovutwa ni chake.

Maneno mengine ya uhuru yalikuwa yamepita Nyeri kabla ya hapo. Makhan Singh, Singasinga na kiongozi wa wafanyakazi, alisimama katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, tarehe 23 Aprili 1950, akadai uhuru kamili kwa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na kesi ya kumwekea amri ya kizuizi ikasikilizwa hapa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yuleyule aliyekuja kumhukumu Kenyatta Kapenguria. Makhan Singh alikaa kizuizini hadi 1961. Julai 1952 Kenyatta naye alihutubia Nyeri mkutano wa chama cha KAU (Kenya African Union) uliovuta makumi ya maelfu ya watu, na miezi mitatu baadaye alikuwa amekamatwa. Mtu anayetaka kuwaondoa Wahindi katika historia ya maneno yetu ya ukombozi atapata kazi ngumu, na kwa maoni yangu ni kazi isiyofaa.

Kenyatta alilitwaa neno harambee rasmi siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963. Alikuwa na nchi yenye makabila zaidi ya arubaini, walowezi waliojaa hofu, Waasia waliokuwa wakijiuliza kama wabaki, na wapiganaji waliokuwa bado msituni. Ngwatio isingeweza kuwaita wote hao, wala saga, wala mwethya, kwa sababu kila moja lilikuwa na wenyewe. Harambee lilikuwa la makuli. Halikuwa na ukoo wa kujivunia, na pengine hilo ndilo lililolifaa. Aliinua usinga wake, akarefusha silabi za mwanzo, na umati ukamaliza kwa "Eee!" Hotuba zake za miaka hiyo zilikusanywa kitabuni mwaka 1964 kwa jina hilohilo.

Milimani walilichukua wakalifanyia kazi. Tayari palikuwa na mazoea: katika miaka ya 1930 Wakikuyu walijijengea shule huru kwa michango yao, na chuo cha ualimu cha Githunguri kilichofunguliwa 1939 kilijengwa kwa fedha za marika, hadi serikali ya kikoloni ilipoifunga milango yake. Baada ya uhuru watu walianza tena kujijengea shule, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee nchini zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Mwaka 1972 watu wa Nyeri walianza kuchangia chuo cha ufundi wakakiita Kimathi, jina la kiongozi wa wapiganaji wa msituni aliyehukumiwa kifo katika mji huuhuu mwezi Novemba 1956 na kunyongwa Kamiti Februari 1957. Fikiria uzito wa jambo hilo. Miaka 15 baada ya kunyongwa, watu waliotoa shilingi moja moja walimjengea Dedan Kimathi karakana na madarasa, wakati serikali ya uhuru haikuwa na haraka ya kumtaja. Chuo hicho leo ni chuo kikuu, kilomita chache kutoka mjini kwenye barabara ya Mweiga.

Neno halikubaki safi. Wanasiasa waligundua kwamba harambee ni jukwaa, wakafika na bahasha, na chifu akajua ni nani hakutoa. Wapo walionyang'anywa kuku na mbuzi kwa lazima, na neno lililozaliwa kwa hiari likaanza kunukia handaki. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwazuia kutumia vyeo vyao kukusanya michango, na Julai 2024, baada ya vijana kumiminika mabarabarani, rais akatangaza kuwapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki harambee. Haya ndiyo mashtaka ninayoyaona mazito dhidi ya neno hili. Mungu mama wa Gujarat hakumnyang'anya mtu mbuzi Nyeri.

Limesafiri pia. Wamarekani weusi wanaosherehekea Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, hulipaza kwa ngumi zilizoinuliwa. Sokwe aliyepigwa risasi katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 2016 aliitwa Harambe, kutokana na wimbo wa Rita Marley, na kwa vijana wengi duniani huko ndiko walikolisikia mara ya kwanza. Wao nao wamelisikia walivyolisikia.

Mwezi wa Aprili mvua za masika zinaposhika, njia za udongo zinazoteremka kutoka Ruring'u kwenda mashambani huwa utelezi mtupu. Mwaka jana niliona matatu imezama hadi ekseli, imebeba magunia ya viazi. Abiria walishuka: mama wawili waliotoka sokoni, wanafunzi wenye sare, mzee mmoja mwenye kofia ya Akorino, na fundi wa Kihindi aliyekuwa akienda kurekebisha mashine kwenye kiwanda cha kahawa. Walikunja suruali, wakaegemeza mabega. Kwa muda kila mtu alisukuma kwa wakati wake na gari likazidi kuzama. Kisha kondakta akapanda kwenye bampa akaita, akalivuta neno polepole katika silabi zake mbili za kwanza, kama anayejaza pumzi. Yule mzee wa Akorino ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote. Gari lilisogea kwenye ile "bee" ya mwisho.